Jina la Kuazima

Neno mamluki limekaa vibaya katika Kiswahili chetu cha michezo. Tunalitumia kwa mchezaji aliyepenyezwa katika timu isiyo yake: kijana wa mtaani aliyevalishwa sare ya shule, fundi wa gereji aliyeingizwa katika timu ya wizara, mtu mzima anayecheza na watoto. Tukilitamka tunakunja uso, kana kwamba tunamtaja mwizi. Lakini neno hilo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza si mtu anayelipwa, bali mtu anayemilikiwa. Mamluki wa Misri walikuwa askari watumwa, walionunuliwa wangali wadogo wakafunzwa kupigana, na ambao hatimaye waliitawala nchi kuanzia mwaka 1250 hadi 1517. Nimefundisha somo la historia kwa zaidi ya miaka 30 katika shule za Mwanza na visiwa vyake, na kila nilipowagusia watu hao darasa lilicheka, kwani wanafunzi walidhani nazungumzia timu ya mpira ya shule jirani. Niliwaacha wacheke. Maana hizo mbili ziko karibu kuliko walivyodhani.

Nimesikia mara nyingi, hasa katika vikao vya wazee pale mjini, kwamba uchafu wa kununua wachezaji wanafunzi ni ugonjwa wetu sisi, uliotokana na umaskini na kukosa uaminifu, na kwamba wenzetu wa nchi zilizoendelea walikwisha kuushinda. La hasha. Wenzetu hao ndio waliotutangulia, tena kwa miaka mingi.

Mashindano ya kwanza kabisa baina ya vyuo viwili vya Marekani hayakuwa ya mpira. Yalikuwa mashindano ya kupiga makasia, nayo yalifanyika ziwani. Mwezi wa Agosti 1852 vijana wa Harvard na Yale walipambana katika ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire. Sisi watu wa ziwa tunaweza kuiona picha hiyo vizuri: mitumbwi mitatu, maji yametulia, umati ufukweni unapiga kelele. Lakini tuulize jambo ambalo mwana historia hana budi kuuliza, yaani nani alilipa. Aliyelipa ni shirika la reli. Reli ilikuwa imefika huko, ikataka abiria, na meneja wake akaona kwamba vijana wa vyuo viwili vikubwa wakishindana kando ya ziwa watu watapanda gari moshi kwenda kuwatazama. Wanafunzi wakagharimiwa nauli, malazi na chakula, wakapata mapumziko mazuri ya majira ya joto. Vyuo hivyo viwili vilipokutana tena mwaka 1855, nahodha aliyeushika usukani wa mtumbwi wa Harvard alikuwa yule yule wa mwaka 1852, ingawa alikuwa amekwisha kuhitimu masomo yake. Yale wakalalamika. Kwa hiyo mfadhili alikuwapo katika mashindano ya kwanza, na mamluki akaingia katika yale ya pili. Hapakuwa hata na muda wa kutosha wa kusema kwamba zamani mambo yalikuwa safi.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kapteni wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Yale, James Hogan, ambaye kwa umri alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, alipewa makazi mazuri chuoni, akapelekwa matembezi Cuba, na akapata kamisheni ya sigara za kampuni ya tumbaku zilizouzwa katika mji ule. Magazeti yaliyaandika hayo mwaka 1905. Mwaka uliofuata kikaundwa chama ambacho leo kinaitwa NCAA, kwanza kwa sababu vijana walikuwa wakiumia na kufa uwanjani, lakini pia kusimamia usafi wa michezo ya vyuo. Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti ya uchunguzi uliogusa vyuo zaidi ya 100, ikaona kwamba katika vilivyo vingi wachezaji walivutwa na kutunzwa kwa njia za pembeni: kazi za uongo, mikopo isiyolipwa, bahasha za wahitimu matajiri. Ripoti hiyo ilisomwa sana, na michezo ikaendelea kama kawaida.

Kiini cha sheria yote ni wazo moja, kwamba mchezaji wa kweli hapaswi kulipwa. Kwa Kiswahili tunasema michezo ya ridhaa, nami nalipenda neno hilo, kwani linasema mtu anacheza kwa hiari ya moyo wake. Lakini wazo lenyewe halikuzaliwa na hiari. Lilizaliwa Uingereza, miongoni mwa watu waliokuwa na mali na nafasi, ambao hawakutaka kushindana na watu wa kazi. Kanuni za mashindano ya makasia ya Henley za mwaka 1879 zilisema wazi kwamba fundi, mtu wa kazi za mikono na kibarua hawahesabiki kuwa wachezaji wa ridhaa. Yaani mvuvi wetu wa Ukerewe, ambaye mikono yake imekomazwa na kasia tangu utotoni, angezuiwa kushindana kwa sababu hiyo hiyo kwamba anajua kupiga kasia.

Wakoloni walituletea wazo hilo pamoja na mpira wenyewe, nasi baada ya Uhuru tukalipa sababu nyingine. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ikawa ya afya, umoja na heshima ya taifa. Mchezaji anayeuza miguu yake alionekana kama bepari mdogo, au pengine kama bidhaa. Nia ilikuwa njema na sioni sababu ya kuidharau. Hata hivyo mchezaji alihitaji kula, na timu ilihitaji mchezaji, kwa hiyo malipo yakaingia kwa mlango wa ajira. Mashirika ya umma yakawa na timu, na timu zikawa na makarani ambao hawakuwa na meza, madereva wasiojua gari na wapishi wasiojua jiko. Hakuna aliyeiita rushwa. Kila mtu alijua fulani ameajiriwa "kwa ajili ya mpira", na mshahara wake ulikuwa halali kabisa mbele ya mkaguzi wa hesabu.

Mwanza tulikuwa na Pamba, TP Lindanda, Wana Kawekamo, timu iliyobeba jina la zao letu. Mwaka 1990 ilituwakilisha katika Kombe la Washindi barani Afrika, na nani kati yetu aliyekuwapo Kirumba miaka ile asiyezikumbuka kelele zile? Uchumi wa zao ulipobadilika na biashara ya pamba kufunguliwa katikati ya miaka ya 1990, klabu kama hizi zilibaki bila mlezi. Vilabu vikubwa vya Dar es Salaam vilikuwa vimekwisha kuzoea kuja ziwani kuvuna. George Masatu, Hussein Masha na Nteze John walitoka Pamba wakawa nguzo za Simba. Msimu wa usajili ulipofika mjini palikuwa na minong'ono: mchezaji huyu amefichwa katika nyumba ya mfadhili, yule ametoroshwa usiku kwa basi. Pamba yenyewe ilishuka, na ilitubidi kungoja hadi mwaka 2024 kuiona tena katika Ligi Kuu, sasa kwa jina la Pamba Jiji. Lakini hao walikuwa watu wazima, na aliyetoroshwa alijua anakokwenda. Ninalotaka kulieleza ni la watoto.

Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ilipangwa kama ngazi: shule na shule, wilaya na wilaya, mikoa, hatimaye taifa. Ni jambo zuri. Wachezaji wengi wa taifa walionekana kwanza huko. Lakini kombe likikaa katika ofisi ya mkuu wa shule lina maana yake. Wazazi hulisifu, viongozi wa mkoa huja kupiga picha, na shule isiyo na maabara wala vitabu hupata jambo la kujivunia. Katika miaka ya 1980 nafasi za sekondari zilikuwa haba mno katika nchi yetu. Watoto wengi sana waliomaliza darasa la saba hawakuchaguliwa, nao hawakukosa akili wala miguu. Pande zote za ziwa palikuwa na vijana wa miaka 16 na 17 waliokuwa nyavuni mchana na usiku, huku moyoni wakilia na shule. Hapo ndipo biashara ilipopata soko lake. Aliyetaka mchezaji hakuhitaji fedha nyingi, kwani alikuwa na kitu ambacho hakikununulika dukani.

Mwaka 1984 nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi, katika shule moja ya mkoa wetu ambayo sitaitaja. Msomaji mwenye umri wangu atakumbuka hali ya miaka ile: sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana, na vita vya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi vilikuwa bado vinazungumzwa kwa sauti ya chini. Katika darasa langu la kidato cha pili alikuwapo kijana mrefu, mweusi wa jua la ziwani, ambaye jina lake likiitwa katika mahudhurio alikaa kimya kwa nukta moja hivi kabla ya kuitika. Mwanzoni nilidhani hasikii vizuri. Baadaye, katika zamu ya bweni, nilisikia wenzake wakimwita jina jingine, nikaelewa.

Alitoka kisiwa cha Kome. Alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, akawa anavua dagaa kwa karabai pamoja na mjomba wake. Mtu mmoja mnunuzi wa samaki, aliyejifanya mlezi wa timu ya shule, alimwona akicheza katika kiwanja cha kijiji. Mapatano yalifanyika mbele ya mama yake: nusu mfuko wa sukari, miche miwili ya sabuni, jozi moja ya raba. Na neno moja la ziada, kwamba atasoma. Palikuwa na mwanafunzi wa kidato hicho aliyekwenda kwa ndugu zake Mwadui bila kuchukua uhamisho, na nafasi yake ilikuwa bado hai kwenye daftari. Kijana wa Kome akaingia katika jina hilo kama mtu anayeingia katika koti la mwenzake.

Nilipokwisha kujua habari hizi nilimwangalia kwa namna nyingine, na lililonishangaza ni kwamba hakuwa na haja sana na mpira. Mpira aliucheza kama kibarua afanyavyo kazi, vizuri na bila maneno. Alichokuwa na haja nacho ni darasa. Siku moja tulikuwa na somo la misafara ya karne ya 19, jinsi Wanyamwezi walivyobeba pembe na vitambaa kati ya bara na pwani. Akainua mkono. "Mwalimu, hawa wapagazi walilipwa na nani? Na walilipwa kabla ya safari au baada?" Katika miaka yote niliyofundisha mada hiyo sikuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Nilimweleza kwamba walilipwa vitambaa, na kwamba sehemu ya ujira aghalabu ilitolewa mwanzo wa safari. Kwamba mpagazi aliyeonewa aliweza kuutua mzigo njiani akaondoka, na wenye misafara waliliogopa sana jambo hilo. Alitafakari kidogo akasema, "Basi walikuwa na nguvu." Nikamwambia ndiyo, walikuwa nayo kiasi.

Katika muhula wa tatu aliumia goti uwanja wa Nyamagana, katika mchezo wa kuwania nafasi ya mkoa. Alibebwa nje. Baada ya wiki mbili kitanda chake bwenini kilikuwa kimepewa mtu mwingine, na mbele ya jina alilokuwa akiitikia paliandikwa: mtoro. Nilikwenda kwa mkuu wa shule.

"Mzee, naomba kuuliza. Yule kijana wa Kome amekwenda wapi?"

Alifungua daftari la wanafunzi kwa utulivu, akavaa miwani. "Mwalimu, hebu nitajie jina lake."

Nilimtajia jina alilopewa na wazazi wake. Akapitisha kidole chini ya orodha, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafunga daftari.

"Hapa hatuna mwanafunzi wa jina hilo."

Na ilikuwa kweli. Niliandika barua kwa wahusika, nikaeleza yote. Sikujibiwa. Yule mwenye jina alirudi kutoka Mwadui mwaka uliofuata, akaendelea na masomo, na kombe likabaki kabatini.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, nikasoma kila nilichoweza kupata juu ya michezo ya wanafunzi katika nchi nyingine, na ninaona kwamba tunapolikemea tunakemea upande usio wake. Tunasema ubaya ni kwamba mchezaji alilipwa. Nusu mfuko wa sukari! Mimi sioni ubaya wowote wa mama wa Kome kupata sukari. Ubaya ni kwamba malipo yalifanywa kuwa siri, na siri hiyo ilimlinda mlipaji peke yake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kuutua mzigo mbele ya watu wote. Kijana wangu hakuweza kudai kitu, kwani ili adai ilimpasa kwanza kusema yeye ni nani, na akisema yeye ni nani amejihukumu.

Wamarekani walilijua jambo hilo wakaliandika kisheria. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado, Ray Dennison, aliumia kichwa uwanjani akafa. Mkewe akadai fidia kama mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilisema hastahili, kwa kuwa chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Katika miaka hiyo ndipo NCAA ilipoanza kusisitiza mchezaji aitwe mwanafunzi-mwanamichezo, kila mahali na kila wakati, ili asije akaitwa mfanyakazi. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kwa miaka mingi, alikiri baadaye katika kitabu chake kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya jina hilo. Hata huko, kumbe, shauri lilikuwa la majina.

Tena yuko Jim Thorpe. Huyu alikuwa Mhindi Mwekundu, mwanafunzi wa shule ya Carlisle, Pennsylvania, ambaye mwaka 1912 alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm. Mwaka 1913 alinyang'anywa zote, kwa sababu iligundulika kwamba aliwahi kucheza besiboli likizoni kwa ujira mdogo. Wanafunzi wengi wa vyuo walicheza kama yeye, lakini wao walitumia majina ya uongo. Thorpe alicheza kwa jina lake. Familia yake ilirudishiwa medali mwaka 1983, naye alikuwa amekufa tangu 1953; na kutambuliwa kuwa mshindi pekee wa michezo ile kulingoja hadi mwaka 2022.

Sasa niseme habari ya mtu wa ziwani aliyekwenda kucheza chuoni Marekani kwa jina lake mwenyewe. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kaskazini mashariki ya Mwanza, iko nchi ya Majita, mkoa wa Mara, nchi ya wavuvi na wakulima. Suleiman Nyambui alizaliwa huko mwaka 1953. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwani kwenye mpaka wa Mexico, mahali ambapo mtoto wa ziwa angetafuta maji kwa darubini. Chuo hicho kiliwachukua pia Watanzania wengine, wakiwamo Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Nyambui alishinda ubingwa wa vyuo wa mbio za mita 10,000 mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, na mwaka 1980 akashinda pia ule wa mbio za nyika. Mwaka huo huo alipata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tazama ajabu ya historia: mwanafunzi wa chuo cha Texas alikimbia Moscow, na Wamarekani wenyewe walikuwa wamegoma kwenda. Medali yake na ile ya Filbert Bayi, iliyopatikana huko huko, ndizo mbili tu ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki.

Makocha wengi wa Kimarekani hawakupendezwa. Walisema hawa si wanafunzi, ni watu wazima walioletwa kushinda watoto. Baadhi waliwaita kwa neno lao ambalo kwa Kiswahili ni hili hili letu, mamluki. Chama chao kilikuwa kimejaribu kuwawekea wageni masharti ya peke yao, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ya Washington, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Howard, ikayatupa kwa sababu yaliwabagua. Ndipo likatungwa sharti la umri kwa wote: kuanzia wanafunzi walioingia baada ya Agosti 1980, kila mwaka mtu aliposhindana akiwa amepita umri wa miaka 20 kabla ya kuingia chuo ulihesabiwa kama mwaka mmoja wa haki yake. Nyambui alikuwa amekwisha kuingia. Alimaliza mwaka 1982 akiwa na miaka 29.

Je, alikuwa mamluki? Wenye kulalamika hawakuwa wajinga. Mtu wa miaka 29 akimshinda wa miaka 19 si ajabu. Lakini umri wake ulijulikana, nchi yake ilijulikana, na haki yake ya kusoma iliandikwa kwenye karatasi. Hakuna aliyeweza kumwambia asubuhi moja kwamba hana jina kwenye daftari. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, na kwa miaka kadhaa alikuwa katibu mkuu wa chama cha riadha cha nchi yetu. Nikimfikiria, sioni tofauti ya miguu kati yake na vijana wengi wa visiwani. Naona tofauti ya karatasi.

Huku hayo yakiendelea El Paso, mjini Dallas, katika jimbo hilo hilo, palipikwa jambo jingine. Wachezaji wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist walikuwa wakilipwa kwa siri kila mwezi kutoka mfuko wa mfadhili. Mwezi wa Februari 1987 NCAA ilikifutia chuo hicho msimu mzima. Ilionekana kwamba wachezaji 13 walikuwa wamegawana kama dola 61,000, na kwamba wakubwa wa chuo walijua. Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi kabla ya kurudi katika kiti cha ugavana wa Texas, alikiri kwamba walikubaliana malipo yaendelee hadi wachezaji walioahidiwa wamalize masomo. Watu walicheka na kukasirika. Mimi niliposoma habari hiyo nilijikuta nafikiri jambo ambalo huenda halikutarajiwa na mwandishi wake: hawa walau waliona kwamba ahadi ni ahadi. Lakini nadhani hawakuiheshimu ahadi kwa wema. Vijana wale walikuwa na majina yao halisi, na magazeti yalikuwa nje ya mlango. Waliweza kusema. Walikuwa na nguvu ya mpagazi.

Mambo yamebadilika huko. Julai 2021 wanafunzi waliruhusiwa kuuza haki ya jina na sura zao kwa matangazo, siku chache baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kukishinda chama chao kwa kura zote tisa. Juni 2025 hakimu aliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Kile kilichoitwa ufisadi kwa zaidi ya miaka 100 sasa kina risiti. Mwanafunzi anayetoka kwetu bado amebanwa na viza ya masomo, ambayo haimpi uhuru wa kufanya kazi kama wenzake, kwa hiyo nadhani kwake bahasha haijaisha.

Nasi pia tumejifunza kiasi. Fomu za wachezaji wanafunzi zinataka picha na mhuri, na mamluki hutajwa na kuondolewa mashindanoni. Nimehudhuria mashindano ya namna hiyo nikiwa mstaafu na kuona mtoto akitolewa uwanjani mbele ya watu, huku jezi ikivuliwa mwilini mwake na wapinzani wakimzomea. Mwalimu aliyemleta alikuwa amesimama kivulini, anazungumza na simu.

Kijana wa Kome sasa ni mzee kama mimi. Anauza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, naye huchechemea kidogo asubuhi za baridi. Amesomesha watoto wanne. Huwa napita kununua kilo moja au mbili, ananiamkia "Shikamoo mwalimu", ingawa tumepishana miaka michache tu, nami huitika kwa jina la kwao, lile la Kome. Lakini pale sokoni wapo pia wale aliocheza nao, wachuuzi na makuli wenye mvi, na hao hawakuwahi kumjua kwa jina jingine isipokuwa lile la daftari. Humwita kwa sauti kutoka mbali, kuvuka rundo la magunia. Siku hizi hachelewi kuitika.